Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Wikiendi ya Mbio za Pikipiki Dar

Kinachomkosesha mwendeshaji wa ridhaa pointi kwenye motokrosi, yaani mbio za pikipiki kwenye njia ya udongo na mchanga, mara nyingi ni kitu kidogo: klipu ya cheni, petroli yenye maji, chujio la hewa lililofuliwa Ijumaa usiku likafungwa likiwa bichi. Bei yake si kubwa, ila Jumapili asubuhi uwanjani hakuna duka. Tena usijipe moyo kwamba Kariakoo ipo. Pale spea za bodaboda zimejaa, lakini cheni ya bodaboda kwa kawaida ni namba 428, wakati pikipiki ya mashindano ya cc 250 au 450 inakula 520. Tyubu zako ni inchi 21 mbele na 19 nyuma. Za bodaboda ni 17 au 18. Anza kutafuta Jumatatu, ili kikikosekana kitu bado una siku za kuagiza.

Chujio la hewa lifanyiwe kazi Alhamisi, kwa sababu unyevu wa Dar haukaushi sponji upesi. Lifue kwa sabuni na maji ya uvuguvugu. Usitumie petroli: inayeyusha gundi inayoshika tabaka za sponji, na mwanya ukipatikana mchanga unapita hadi kwenye ringi za pistoni. Likikauka kivulini, lipake oili ya chujio mpaka rangi ienee sawasawa, kisha grisi kidogo kwenye ukingo linapokaa. Andaa matatu: la mazoezi, na moja kwa kila moja ya mbio mbili za siku. Pikipiki inayokuwa ngumu kuwaka na kupoteza nguvu mbio baada ya mbio huenda imeshakula vumbi muda mrefu.

Kwenye kabureta ndipo hasara kubwa inapotokea, hasa kwa aliyenunua pikipiki iliyokuwa ikikimbia Arusha. Mji ule uko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kwa takriban asilimia 13 kuliko ya pwani, hivyo fundi wa kule huweka jeti kuu (kitundu kinachopitisha petroli kwenye kabureta) ndogo. Ukiileta Dar bila kubadilisha, injini inapata hewa nyingi na petroli kidogo. Itavuta vizuri, hata utaipenda, halafu kwenye sehemu ndefu ya gesi kamili pistoni inashika na injini inanoki. Joto la Dar hupunguza tofauti hiyo kidogo tu, haliifuti. Weka jeti kubwa zaidi, piga mizunguko michache, zima injini ukiwa bado kwenye gesi, fungua plagi uitazame. Kahawia hafifu ni sawa. Nyeupe ni hatari. Nyeusi yenye majimaji, petroli imezidi. Pikipiki za injeksheni, zisizo na kabureta, hujirekebisha zenyewe kwa hili.

Kwa injini ya mipigo miwili, pima oili kwa chombo chenye alama. Lita 10 za petroli zinahitaji mililita 312 kwa uwiano wa 32 kwa 1, au mililita 250 kwa 40 kwa 1. Fuata kitabu cha pikipiki na usihame hapo. Wapo wanaoongeza oili “ili injini isipate moto”. Oili inachukua nafasi ya petroli ndani ya jeti, kwa hiyo mchanganyiko unazidi kukosa petroli. Na tafadhali, lile dumu la njano la mafuta ya kula libaki jikoni. Tumia dumu la petroli, na chuja unapojaza.

Mchanga wa pwani una tabia mbili. Ukiwa mkavu unameza nguvu, hivyo spoketi ya nyuma iongezwe meno mawili, kwa mfano kutoka 48 kwenda 50, na maji ya rejeta yaangaliwe kila baada ya kutoka uwanjani. Mvua ikinyesha, mchanga huohuo unashikamana, na tairi linang'ata. Upepo wa tairi anza na psi 13. Mchanga ukiwa laini shuka hadi 12. Chini ya hapo rimu inaanza kubana tyubu kwenye mawe na mizizi, unapata pancha. Pima kivulini dakika chache kabla ya kuanza, maana upepo uliopimwa nyumbani alfajiri huwa umepanda saa saba mchana.

Shokapu ya nyuma ipimwe ukiwa umevaa kila kitu, buti na helmeti. Kutoka ekseli hadi alama kwenye madigadi, tofauti kati ya gurudumu likiwa hewani na wewe ukiwa umekaa iwe milimita 100 hadi 105 kwa pikipiki kubwa. Kisha gonga spoku moja moja kwa spana: iliyokaza inalia, iliyolegea inatoa mlio mfu. Kaza bolti za spoketi. Mdomo wazi wa klipu ya cheni uelekee nyuma ya mwendo. Achia gesi ghafla, usukani ukiwa umekata kushoto na kisha kulia. Isiporudi yenyewe, mkaguzi atakurudisha, na ana haki.

Mwili nao una ratiba yake. Anza kunywa maji ya kutosha tangu Alhamisi, na beba pakiti za ORS, ukichanganya kiasi cha maji kilichoandikwa kwenye pakiti. Mikono inayokakamaa katikati ya mbio mara nyingi inatokana na kuning'inia kwenye usukani. Bana tangi kwa magoti. Buti mpya au mkono mpya wa klachi usivijaribu siku ya mbio.

Pikapu ipakiwe Ijumaa mchana, mikanda minne, mikono ya akiba ya klachi na breki mbele kabisa. Anayetoka Kigamboni apite darajani, asitegemee foleni ya pantoni. Andika kundi lako la damu na namba ya ndugu kwenye karatasi ndani ya begi. Ukivunjika mfupa huenda ukaishia MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili, kwa hiyo funguo za gari apewe mtu ambaye hapandi pikipiki siku hiyo.