Kabla ya Kuitafuta Barabara Ndefu Kuliko Zote Iliyonyooka

Abiria anayevuka daraja la Sabaki, karibu na Malindi, kuelekea Garsen huweza kuapa kwamba barabara imenyooka kama rula, lakini macho ya abiria hayamtoshi anayetafuta kipande kirefu kuliko vyote nchini Kenya. Kabla ya kufungua ramani, ni lazima aamue kunyooka ni nini.

Hapa ndipo wengi hujikwaa. Ukilinganisha tu mwelekeo wa kila kipande kidogo na kile kinachokifuata, barabara inayopinda polepole itapita bila kustahili, kwa kuwa hakuna mahali pamoja panapopinda kiasi cha kutiliwa shaka. Ilhali tofauti ya digrii moja, ikiendelea kwa kilomita 10, huitupa barabara kando kwa mita 175 hivi. Afadhali kufanya kama fundi wa jahazi wa Lamu anayetaka ubao ulionyooka: huvuta uzi kutoka ncha hadi ncha, kisha akatazama ubao unaachana nao wapi. Barabara nayo ivutiwe uzi, na iamuliwe mapema iruhusiwe kuachana nao kwa mita ngapi. Mimi ningeanza na 20, kwani vipimo vya GPS vyenyewe huyumba kwa mita kadhaa.

Uzi huo nao una masharti yake, kwa sababu dunia ni mviringo na ramani ni bapa. Malindi, iliyo digrii 3 hivi kusini mwa ikweta, tofauti kati ya uzi wa ramani na wa ardhini ni ndogo. Lakini katika kile kipande kilichonyooka cha barabara ya Eyre Highway, Australia, chenye kilomita 146.6, mstari ulionyooka kwenye ramani ya Mercator, mchoro bapa wa dunia unaotumiwa sana, na ule ulionyooka juu ya ardhi huachana katikati kwa zaidi ya mita 200, na hapo mita zako 20 hazina maana tena.

Data ya OpenStreetMap, mradi wa ramani ya dunia inayochorwa na watu wa kujitolea ulioanza mwaka 2004, ni ya bure, ila barabara moja humo huwa imekatwa vipande vingi, penye daraja au pale lami inapoishia, navyo sharti viunganishwe kwanza.

Anayekusudia kwenda kuhakikisha mwenyewe hadi Mokowe, gati la bara la kuvukia Lamu, aulize kwanza hali ya usalama kwa polisi, asafiri mchana, na asiende Mto Tana ukiwa umefurika, maana maji hukata barabara upande wa Gamba. Kuvuka hadi kisiwani si lazima: vichochoro vya mji wa Lamu ni vya watu na punda.