Kabla hujauliza kama mtoto atakuja kunenepa kupita kiasi, tayarisha haya

Kina mama wenzangu wa Lamu na Malindi, siku hizi kuna hesabu zinazochukua rekodi za mtoto tangu tumboni mpaka mwaka wa kwanza au wa pili halafu zinakadiria uwezekano wa yeye kuwa na unene wa kupindukia akishakua kidogo. Mimi naziunga mkono kabisa, ila bila namba sahihi hazikusaidii kitu, na namba nyingi ziko kwenye kile kijitabu cha kliniki ambacho chanjo zikiisha hatujui tena kiko wapi. Kitafute leo, kurasa za uzito uzipige picha kabisa, maana kitabu kinalowa kwenye boti ya Mokowe na kila kitu kinafutika.

Anza na mimba: ulikuwa na kilo ngapi kabla ya kushika mimba au kliniki ya kwanza, uliongeza ngapi, ulipatikana na sukari ya mimba au la, kuna aliyevuta sigara? Uzito wa baba pia unaingia. Kama ulijifungulia Mombasa tafuta ile karatasi ya kutoka hospitali, uzito wa kuzaliwa umeandikwa pale, na kilo 4 kwenda juu ni jambo la kumwambia nesi.

Sasa hapa ndipo penyewe. Huku kwetu mtoto akiwa kibonge ni mashallah kila mlango, na kilo za siku moja hazisemi mengi, kinachoangaliwa sana ni kasi. Chukua wavulana wawili wa mwaka mmoja, wote kilo 10, mmoja alizaliwa na 3.5 akafuata mstari wake kwenye chati ya ukuaji taratibu, mwingine alizaliwa na 2.6 akakata mistari kwenda juu, huyo wa pili ndiye wa kufuatiliwa zaidi japo mizani inawaona sawa. Kwa hivyo usilete kipimo kimoja, leta vyote na tarehe zake, na nesi akiandika kilo tu muombe na urefu, chini ya miaka 2 anapimwa amelala.

Andika pia alinyonya mpaka lini, maziwa ya kopo yalianza lini, uji ulianza kabla ya miezi 4 au baada ya 6, na chai ya sukari na juisi vilianza lini, sema ukweli hata kama ni bibi alimpa. Usingizi usiusahau, miezi 4 hadi 11 ni masaa 12 mpaka 16 kwa siku pamoja na wa mchana.

Ile mistari ya chati ya WHO (Shirika la Afya Duniani) ya 2006 ilitokana na watoto wa Brazil, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, kwa hivyo itumie bila wasiwasi. Lakini hesabu za kukadiria ni tofauti, kuna moja ya Uingereza iliyochapishwa 2013 ilitengenezwa kwa watoto wa kule, huwezi kuichukua ilivyo ukampa mtoto wa Mkomani, muulize anayekuletea kama imejaribiwa kwa watoto wetu. Na akitaka kuweka rekodi za mwanao kwenye simu yake, sheria ya ulinzi wa data ya 2019 inataka ridhaa yako mzazi kwanza.

Jibu likitoka kubwa, hapo ni uwezekano tu, bado si ugonjwa. Tafadhali usimpunguzie ziwa wala kumnyima chakula, rudi kwa nesi na kijitabu, apimwe tena kilo na urefu, soda na biskuti ndizo ziondoke.