Jinsi ya kuandika habari za shamba la babu yako tangu enzi za mkoloni

Mwaka 2016 nilikwenda Machame, Kilimanjaro, kumhoji babu yangu mdogo, mdogo wake baba yake baba. Alikuwa na miaka 80 na ushee. Nilibeba daftari lenye maswali 40, na la kwanza lilikuwa, "Babu, kahawa mlipanda mwaka gani?" Akajibu, "Zamani, mjukuu wangu." Siku mbili zikaisha hivyohivyo. Siku ya tatu tukatoka kwenda kukatia ng'ombe majani, na tulipofika kwenye mfongo, yaani mfereji wa kumwagilia, akaanza kusimulia mwenyewe: nani waliuchimba, zamu ya maji ilikuwa ya nani, nani alipigwa faini kwa kuiba maji usiku. Nikaliacha daftari la maswali nyumbani.

Kwa hiyo anzia shambani. Tembea na mzee kihamba chote, yaani shamba la migomba na kahawa linalozunguka nyumba, kwa mwendo wake. Uliza habari za kitu mnachokiona: mgomba huu wa aina gani, mpaka huu aliuweka nani, hapa palikuwa na nini kabla ya mibuni. Usilisahau shamba la bondeni, la mahindi na ulezi, maana huko ndiko watoto walikolala kuwinga ndege na nyani. Andika maneno yake kama anavyoyatamka. Akisema "mchili", mkuu wa mtaa wa enzi hizo, acha "mchili", usimgeuze kuwa mwenyekiti wa kijiji.

Miaka ndiyo kazi ngumu, na hapa uwe na subira. Wazee wetu hawakuhesabu kwa kalenda, walihesabu kwa mambo yaliyotokea. Kabla hujaenda, andika orodha yako: Waingereza kuingia Moshi mwaka 1916, chama cha kwanza cha wakulima wa kahawa, KNPA, mwaka 1925, nzige waliokula mazao mwanzoni mwa miaka ya 1930, KNCU, chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa, kuanzishwa mwaka 1933, ghasia za kahawa za mwaka 1937, wakulima walipochukizwa na bei ndogo na sharti la kuuza kupitia chama peke yake, vita vya Hitla, 1939 hadi 1945, Thomas Marealle kutawazwa Mangi Mkuu, yaani chifu mkuu wa Wachagga, mwanzoni mwa 1952, mwenge kuwashwa Kilimanjaro mwaka 1961. Kisha uliza, "Ilikuwa kabla ya hapo au baada?" Babu alisema alipanda mibuni yake ya kwanza masika yaliyofuata kutawazwa kwa Mangi Mkuu. Baadaye tulikuta karatasi yake ya kwanza ya mauzo, ya mwaka 1955. Mbuni huanza kuzaa karibu mwaka wa tatu. Hesabu ikakubali, nami nikaandika 1952 bila wasiwasi.

Karatasi hizo huwa kwenye sanduku la bati chini ya kitanda, pamoja na stakabadhi za kodi na vyeti vya ubatizo. Omba uonyeshwe, usipekue mwenyewe. Zipige picha kwa simu mchana, karibu na dirisha, mbele na nyuma, kisha zirudishe palepale mwenyewe akiona. Usizipeleke kuwekewa plastiki ya moto. Wino wa zamani unaweza kuharibika, na plastiki hiyo haitoki tena. Ukiona uzito, jua kwamba ni ratili, si kilo: ratili moja ni karibu gramu 450, na frasila ni kama kilo 16.

Sasa habari. Watu wengi huuliza kilimo peke yake, wakasahau kuuliza mkulima alijuaje kinachoendelea duniani. Babu alisema gazeti moja lilisomwa na watu wengi: mwalimu wa misheni alilisoma kwa sauti baada ya ibada, na waliosikia wakazipeleka habari hizo kwenye mbege, pombe ya ndizi, jioni. Nilidhani hiyo ndiyo njia yote. Bibi, aliyekuwa akimenya ndizi pembeni, ndiye aliyenisahihisha. Masoko ya Uchaggani yalikuwa ya wanawake. Bei ya mahindi, mvua ya ng'ambo ya mto, ugonjwa wa ng'ombe, nani kaposwa wapi: yote hayo yalirudi nyumbani kichwani pamoja na mzigo. Naomba sana, usifunge daftari kabla hujakaa na bibi, na ukae naye peke yake, kwa sababu mbele ya mzee atakuambia "muulize babu yako."

Ukishapata miaka yako, ndipo uende kwenye magazeti yenyewe. Jaribu kitengo cha East Africana katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na Nyaraka za Taifa. Uliza mapema utaratibu wa kuruhusiwa. Mambo Leo lilianza mwaka 1923, nalo lina barua za wasomaji, mashairi na habari za wilayani. Lakini lilitolewa na Idara ya Elimu ya serikali ya kikoloni. Usipokuta humo malalamiko ya kodi, usiandike kwamba watu waliridhika. Gazeti la Kwetu, lililoanza mwaka 1937, lilikuwa la Mwafrika mwenyewe, na lisome kwa kulilinganisha na hilo. Kwa miaka ya 1950 tafuta Komkya, gazeti la Wachagga, jina lenye maana ya "kumekucha".

Mwisho, rudi umsomee mzee ulichoandika. Nilirudi Desemba. Nilipofika kwenye mfongo, babu akanyanyua mkono. Yule aliyepigwa faini ya maji, akasema, nilikuwa nimemwandika kwa jina la ukoo wa jirani. Tukakaa mpaka giza likaingia, akitaja majina, nami nikikata na kuandika upya.