Kutoka kwenye simu hadi televisheni: tunavyotengeneza vichekesho vyetu

Anne Kansiime, mchekeshaji wa Uganda, binti wa Kabale, alijulikana mbali kupitia YouTube, kisha vichekesho vyake vikaonyeshwa Citizen TV ya Kenya. Njia ipo.

Anza na sauti. Mtazamaji husamehe picha ya simu. Maneno yasiyosikika hasamehe. Sisi hurekodi kwenye kibanda cha rolex, yaani chapati iliyoviringishwa na mayai, Wandegeya jijini Kampala, saa 12 asubuhi, bodaboda hazijajaa na mafuta hayajaanza kulia kwenye kikaango. Kinasa sauti tunakificha nyuma ya trei ya mayai. Simu uilaze, maana picha ya kusimama haijazi kioo cha televisheni.

Mhusika atambulike upesi. Wetu ni shangazi anayedai chenji yake ya shilingi 500. Kila kipande anamdai mtu mwingine, nami nampenda kweli. Toa kila Ijumaa, bila kukosa.

Muziki usio wako usiuguse. Kituo kimoja kilitukatalia vipande kumi kwa sababu ya wimbo mmoja, na niliumia sana. Waigizaji watie saini ya kukubali kuonyeshwa mapema, hata kama ni mdogo wako. Ukienda kituoni, beba vipande vilivyounganishwa vya kutosha kipindi cha nusu saa, na nakala isiyo na maandishi juu ya picha.