Injini ya ndege ndogo inamisi ukipima magneto: anza hapa

Injini nyingi za pistoni za ndege ndogo zina magneto mbili, yaani vifaa vinavyozalisha umeme wa cheche, na kila silinda ina plagi mbili za kutoa cheche hizo. Injini inamisi pale silinda inaposhindwa kuwaka sawasawa. Magneto hujitengenezea umeme, kwa hiyo betri ikifa angani injini haizimiki. Ila mpangilio huohuo huficha ubovu: upande mmoja ukichoka, wa pili unaubeba, na hutajua mpaka upime.

Hatua ya 1: pima, na usikilize. Injini ikishapata moto, ipandishe hadi mizunguko iliyotajwa kwenye kitabu cha ndege, kisha zima magneto moja kwa zamu uone mizunguko inashuka kiasi gani. Kwa Cessna 172S ni 1800 kwa dakika; mshuko usizidi 150 kwa kila magneto, na tofauti kati yake isizidi 50.

Namba peke yake haitoshi. Ikishuka sana huku injini ikitetemeka, kuna plagi au waya usiofanya kazi. Ikishuka sana lakini kwa ulaini, shuku taimingi (wakati wa cheche kutoka) iliyochelewa au mafuta kuzidi hewa. Isiposhuka kabisa, usishangilie! Huenda waya wa kuzimia magneto umekatika. Magneto hiyo ni hai hata ufunguo ukiwa mfukoni mwako, na anayesukuma propela kwa mkono anaweza kuuawa.

Hatua ya 2: unguza uchafu. Petroli ya ndege aina ya 100LL ina madini ya risasi, na masalia yake huganda kwenye plagi, hasa za chini. Panda hadi karibu 2000, punguza mafuta taratibu mpaka mizunguko ifike kileleni, kaa hapo nusu dakika hadi dakika moja ukitazama joto la silinda. Rudisha mafuta, pima tena. Bado inamisi? Rudi ukaegeshe.

Hatua ya 3: tafuta silinda baridi. Injini ikiwa imepoa, iwashe, iendeshe muda mfupi kwa magneto mbovu tu, kisha zima. Pima mabomba ya moshi kwa kipimajoto cha mbali. Lililobaki baridi ndilo la silinda yenye tatizo.

Hatua ya 4: hamisha plagi. Kazi hii isimamiwe na fundi mwenye leseni. Plagi inayoshukiwa ipelekwe silinda nyingine. Ugonjwa ukiifuata, plagi ni mbovu. Ukibaki palepale, kagua waya. Plagi iliyoanguka sakafuni itupwe hata kama inaonekana nzima, kwa sababu ufa wa ndani hauonekani.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, yangu inasumbua kuwaka tu. Ikishawaka, vipimo ni safi.*
Shuku kile kifaa cha springi kinachoifyatua magneto wakati wa kuwasha. Kikichakaa, cheche hutoka dhaifu na mapema mno. Mwachie fundi.

*Chini iko salama, ila tukipanda juu inamisi. Kwa nini?*
Hewa nyembamba haizuii umeme vizuri, hivyo cheche huruka ndani ya magneto badala ya kufika kwenye plagi. Gepu pana, yaani nafasi ya cheche kwenye plagi, huzidisha tatizo, kwa hiyo anzeni kupima gepu.

*Nitajuaje kama waya wa kuzimia umekatika?*
Kabla ya kuzima, injini ikiwa kwenye mizunguko ya chini kabisa, peleka swichi kwenye kuzima kwa nukta moja, urudishe upesi. Injini ikianza kufa, swichi inafanya kazi. Ikiendelea kunguruma, ndugu yangu, zima kwa kukata mafuta, tundika onyo kwenye propela, na asiiguse mtu mpaka fundi afike.