Kupima kasi ya mmenyuko kwa alama ya X katika maabara ya sekondari, Tabora

Yeyusha gramu 20 za fuwele za sodiamu thaiosalfeti, ujaze maji hadi ml 500. Zinatosha makundi matatu. Tumia maji ya mvua yaliyochujwa. Walio Kigoma wasichote ziwani, kwa kuwa maji ya Tanganyika yana pH karibu 9, yaani yana ubesi, na hula asidi kidogo.

Chora X moja nyeusi kwenye karatasi nyeupe, uweke flaski ya koni juu yake. Tia ml 50 za thaiosalfeti. Mimina ml 5 za asidi haidrokloriki ya 2 M (moli 2 kwa lita), washa saa ya simu papo hapo, zungusha flaski mara mbili, kisha iache. Chungulia kutoka juu. Kwanza kimya, kisha ukungu wa samawati hafifu, halafu salfa inageuka maziwa yenye umanjano na X inamezwa. Simamisha saa.

Rudia kwa ml 40, 30, 20 na 10 za thaiosalfeti, ukijaliza maji hadi 50 kila mara. Maji hutangulia, asidi huja mwisho. Jumla isipobaki 55, kina hubadilika na X hupotea kwa sababu nyingine kabisa.

Silinda ya asidi isiguse thaiosalfeti: tone lililobaki huanzisha ukungu kabla hujawasha saa. Flaski isuguliwe, maana utando wa salfa huficha X mapema. Jicho liwe la mtu mmoja toka mwanzo hadi mwisho.

Linaloharibu matokeo zaidi Tabora ni joto. Mwezi wa Oktoba, chini ya bati, chumba cha saa tatu asubuhi si kile cha saa nane mchana. Kasi huongezeka karibu maradufu kwa kila nyuzi 10, hivyo nyuzi 3 tu huipandisha kama moja ya tano, na utadhani ni ukolezi, yaani wingi wa thaiosalfeti ndani ya maji. Weka chupa zote mbili, ya thaiosalfeti na ya asidi, kwenye beseni la maji, pima joto kila jaribio, maliza yote matano kwa kipindi kimoja.

Ili kupata kasi, gawanya 1 kwa sekunde ulizopima: sekunde 40 hutoa 0.025. Chora grafu dhidi ya ujazo wa thaiosalfeti. Mstari ulionyooka kuelekea sifuri unaonyesha kasi inafuata ukolezi moja kwa moja. Nukta moja ikienda kando, rudia hiyo, usiifute.

Hewa ya salfa dioksidi hubana kifua: fungua madirisha, mwenye pumu akae mbali. Kila flaski ikimaliza, imwage mara moja kwenye ndoo ya maji ya magadi.