Namba ya toleo iandikwe mahali pamoja tu: maktaba za Python

Juzi nilikuwa namsaidia mwenzangu kutoa toleo jipya la maktaba yake. PyPI (hifadhi ya mtandaoni ya vifurushi vya Python) ilionyesha 1.4.0, `__version__` ndani ya kodi ikatoa 1.3.2, na maelezo ya matumizi yamebaki 1.3.0. Mtu akiripoti hitilafu hapo, huwezi kujua anatumia ipi.

Hatua ya 1. Isake namba kwa `grep -rn "1\.[34]\." .` na uifute kila inapojirudia: `setup.py`, `__init__.py`, `docs/conf.py`.

Hatua ya 2. Ibaki kwenye `pyproject.toml` peke yake, chini ya `[project]`:

`version = "1.4.0"`

Hatua ya 3. Ndani ya `__init__.py` isome, usiiandike tena:

```
from importlib.metadata import version
__version__ = version("jina-la-kifurushi")
```

Inafanya kazi kuanzia Python 3.8. Hapa ndipo watu wanapopoteza siku nzima, kwa hiyo twende taratibu.

Jina linalotakiwa ni lile la kwenye PyPI, si lile la `import`. Unaandika `import yaml`, lakini kifurushi kinaitwa PyYAML. `bs4` ni beautifulsoup4. Ukikosea utapata `PackageNotFoundError`. Kosa hilohilo hutokea ukiendesha kodi bila kuisakinisha. Tafadhali usilifunike kwa `try` inayorudisha "0.0.0". Afadhali programu igome kuliko idanganye.

Tatizo la pili linasumbua zaidi. Umesakinisha kwa `pip install -e .`, ukabadilisha namba kuwa 1.5.0, na Python bado inasema 1.4.0. Kufuta `__pycache__` hakusaidii. Kodi inasomwa moja kwa moja kutoka kwenye folda yako, lakini taarifa za kifurushi ziliandikwa siku ile ya kusakinisha. Rudia `pip install -e .` kila ubadilishapo namba. Ikigoma bado, tafuta folda ya `.egg-info` iliyosalia kwenye mradi, ifute, usakinishe upya.

Hatua ya 4. Sphinx, zana inayotengeneza maelezo ya matumizi, nayo isome namba kwa `version()` ileile ndani ya `docs/conf.py`.

Wapo wanaopenda setuptools-scm, inayochukua namba kwenye lebo za Git. Kwa maktaba ndogo siipendekezi: `actions/checkout` ya GitHub kwa kawaida huvuta komiti moja bila lebo, na namba inaharibika mpaka uweke `fetch-depth: 0`.

Hatua ya 5. Jenga kifurushi, kisha soma majina ya faili ndani ya `dist/` kabla ya kupakia. PyPI haipokei faili la jina lilelile mara ya pili, hata ukifuta la kwanza.